Kreti ya Soda kwa Insha ya Papa Ramazani

Mariamu alinishika mkono kabla sijapata hata mahali pa kukaa. Ilikuwa siku ya hitima ya baba yake, Papa Ramazani. Ua ulikuwa umejaa mpaka nikahisi Rumonge yote imekuja na nusu ya Nyanza-Lac imeongezwa juu: wanaume kwenye viti upande wa barabara, wanawake kwenye mikeka karibu na jiko, na masufuria ya pilau makubwa kiasi kwamba mtu angeweza kuogelea ndani yake akapumzika katikati. "Dada Sifa," akaniambia, "wakimaliza kula utasema neno juu ya papa. Ni wewe ulisoma naye." Nikakubali, maana kwenye msiba huwezi kumwambia mtu kwamba umechoka. Lakini nilikuwa nimechoka kweli. Tangu asubuhi nilikuwa nimesimama darasani, miguu imenivimba kama mihogo iliyolowekwa, na begi langu lilikuwa na rundo la kopi za wanafunzi ambazo sijasahihisha, refu kuliko mnara wa simu. Kila mzee aliyesimama kabla yangu alisema maneno yale yale: marehemu alikuwa fundi cherehani hodari, alikuwa mtu wa watu, alikuwa msomi mwenye diploma yake ya chuo. Na kila diploma ilipotajwa, mjane wake, Mama Mariamu, aliinamisha kichwa zaidi kidogo. Nilimwona. Nikashusha macho kwenye sahani yangu, na wali ule ukanirudisha kwenye mwaka ambao mimi na Papa Ramazani tulikaa benchi moja.

Mwaka ule mchana nilikuwa msichana wa kukamua mawese kule Kizuka, na jioni nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo. Msidhani chuo chenye lango na bustani. Chuo chetu kilikuwa cha kuazima: chumba tuliazima kwa shule ya msingi, ubao tuliazima kwa kanisa, na umeme, nadhani, tuliazima kwa Mungu mwenyewe, maana ulikuja pale alipopenda. Benchi zilitengenezwa kwa watu wasio na magoti. Mtu mzima akikaa, magoti yalimfika masikioni, na kunyanyuka tulisaidiana kama wagonjwa. Mvua ikipiga bati, somo liliendelea kwa ishara, kama kwa mabubu. Nje ya dirisha mama mmoja alikaanga mandazi, na harufu yake ilihudhuria masomo kuliko wengi wetu. Saa ya mapumziko tulikula kwa pamoja: huyu ana mandazi, yule ana dagaa wetu wa ndagala wa kukaanga ndani ya karatasi, mwingine ana kipande cha muhogo, na maji tulikunywa kwenye kikombe kimoja kilichokuwa na sikio lililovunjika. Mikono yangu ilikuwa na rangi ya mawese mpaka kwenye viwiko, sabuni zote za Rumonge zilishindwa nayo, na kila kopi niliyotoa ilikuwa na madoa ya mafuta. Ukiinyanyua kwenye taa ulisoma kurasa zote mbili kwa mara moja. "Sifa," mwalimu aliniambia mbele ya watu, "kopi yako mtu anaweza kukaangia samaki wa mukeke."

Mwalimu huyo, Ezekieli, sisi tulimwita Profa. Alikuwa mwembamba kama waya wa redio, alisomea Uganda, asubuhi alifundisha Bujumbura na jioni akateremka na njia ya ziwani mpaka kwetu. Nilimwona kwa macho yangu akilala wima, chaki mkononi, katikati ya sentensi, na alipoamka akaimalizia sentensi ile ile. Somo lake lilikuwa kuandika insha za Kiingereza, na siku ya kwanza hakutusalimia hata. Aligeukia ubao akaandika yale anayotarajia kwetu, akayasoma kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. Ukikuta mlango umefungwa, rudi nyumbani, usigonge. Kazi iandikwe mara mbili, kwa sababu ya kwanza ni rasimu tu, na hakuna anayetarajia rasimu iwe nzuri. Maneno yawe yako, siyo ya shemeji yako aliyeko Dar es Salaam. Jambo lako lionekane kwenye mistari ya kwanza. Halafu akafika lile la mwisho: kila mmoja asome rasimu ya jirani yake wa benchi na kumwandikia pembeni, bila kumficha, mahali ambapo kazi inalegea.

Léonidas, aliyekuwa karani wa komini, ofisi ya serikali ya pale mjini, na mtu wa sauti nzito, akanyanyua mkono. "Profa, nikianza na jambo langu bila kusalimu, msomaji hatasema nimelelewa porini?"

"Msomaji humjui, Léonidas. Yuko mbali na ana haraka."

Ndipo Papa Ramazani, pembeni yangu, akasema taratibu: "Basi huyo msomaji iko na shida nyingi." Tulicheka mpaka mama wa mandazi akachungulia dirishani kuona nani ameoa.

Papa Ramazani ndiye alikuwa mkubwa kuliko wote, na mimi nilikuwa mdogo kuliko wote, kwa hiyo tukabanwa benchi moja. Sare zangu zote za shule alizishona yeye. Nilipokuwa mtoto alinipima mabega akiwa na pini mdomoni, na sasa alikuwa ananiuliza mimi ubaoni kumeandikwa nini. Aliishia darasa la sita zamani hizo nafasi za sekondari zilipokuwa chache, na tangu hapo alikuwa akisoma jioni, mwaka baada ya mwaka, kozi baada ya kozi, mpaka akapata cheti cha sekondari katika umri ambao wenzake walikuwa wanaoza wajukuu. Miwani yake ilikuwa minene kama vitako vya chupa. Siku moja, wengine wametoka kufuata mandazi, aliivua akaiweka juu ya kopi yangu yenye mafuta.

"Mwanangu Sifa, nitakuambia kitu, lakini kibaki kwenye benchi hii. Daktari wa Bujumbura amesema macho yangu yatafika mwisho wa mwaka wa masomo. Yakipita hapo, ni bahati."

"Nyumbani wanajua, Papa?"

"Nyumbani wanajua niko na miwani mpya." Akatabasamu, kisha akaacha kutabasamu. "Ninataka kupita mwaka huu. Matokeo wakiyabandika ukutani, nisimame pale niyasome mimi mwenyewe. Ikiwa giza baadaye, iwe giza."

Sasa mtu ambaye hakusoma kwenye chuo chetu anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Lakini sheria ya chuo ilikuwa hii: ukianguka insha ya Kiingereza, unarudia mwaka mzima, hata kama masomo mengine umeyameza. Na Papa Ramazani hakuwa na mwaka wa kurudia.

Insha tuliyopewa ilikuwa juu ya jambo lililobadilisha mwaka wako. Tungeandika rasimu, jirani angeisoma, halafu tungeiandika upya, na hiyo ya pili ndiyo ingehesabiwa. Papa Ramazani aliandika rasimu ndefu kama njia ya kwenda Bujumbura. Niliisoma nyumbani, kitandani, mgongo unaniuma kwa kazi ya mchana, na nilitafuta jambo lake kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha kwenye mchanga wa ziwani. Ukurasa wa kwanza alimsalimu msomaji, akamuuliza habari za afya, akawaombea watoto wake. Ukurasa wa pili alimshukuru Mungu, komini, majirani, mke wake, na madaktari wa Bujumbura, bila kusema madaktari walimfanyia nini. Ukurasa wa tatu alieleza jinsi ya kukata kola ya shati. Kisha akaaga. Mimi nilijua jambo lililobadilisha mwaka wake, na kwenye karatasi halikuwepo. Nikachukua kalamu kumwandikia hivyo pembeni, na mkono wangu ukakataa. Mtu aliyekupima mabega akiwa na pini mdomoni, unamwandikia kwamba kazi yake inalegea? Nikaandika: kazi ni nzuri sana, Papa, Mungu akubariki.

Profa alinirudishia yale maoni yangu na sifuri nyekundu, duara kamilifu, kama sufuria iliyochorwa. Akaniita pembeni ya mlango. "Umemsaidia nini?" akaniuliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. "Akiiandika tena vile vile, mimi nitamwangusha, sina njia nyingine. Lakini atakuwa ameangushwa na wewe, Sifa, kwa adabu zako."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Kesho yake, nikimimina mawese kwenye madumu, nikajiambia: kwetu, neno zito halipelekwi na mwenye neno. Akitaka mke, anatuma watu. Ng'ombe wake akila shamba la mwenzie, anatuma watu. Unachukua msemaji, unachukua kinywaji, unakwenda Jumapili saa ya heshima, na neno linatoka mdomoni mwa mtu ambaye halimuumi. Kwa nini insha iwe tofauti? Nikaenda komini kumwona Léonidas, aliyekuwa amesema kwenye harusi nyingi kiasi kwamba nadhani nusu ya watoto wa Rumonge wamezaliwa kwa sababu ya sauti yake.

"Insha?" akauliza.

"Insha."

"Nimekwisha kuomba wake, nimeomba mashamba, nimeomba msamaha wa mbuzi aliyekula sabuni. Insha bado." Akafikiri. "Kinywaji ni gani?"

"Soda. Kule ni kwa Waislamu."

Akahema kwa huzuni kubwa. "Sawa. Ni kwa ajili ya elimu."

Tulikwenda Jumapili baada ya sala ya alasiri, Léonidas amevaa koti, mimi nimevaa kitenge changu cha sikukuu, na kreti ya soda imebebwa katikati yetu. Lilikuwa kosa, maana kreti haipiti kimya katika mtaa ule. Kabla hatujafika mlangoni vigelegele vilishaanza upande wa pili wa ukuta, na sauti ya mama mmoja ikapaza: "Mariamu! Kimbia uvae, wamekuja!" Mariamu, aliyekuwa anafua, alipotea ndani na povu mikononi. Papa Ramazani akatoka na futi yake ya ushonaji shingoni. Akamtazama Léonidas, akaitazama kreti, akanitazama mimi.

"Mzee," Léonidas akasema haraka, "siyo harusi. Tumekuja na neno juu ya ile kazi yako ya Kiingereza."

Angeweza kucheka. Angeweza kutuambia tuingie tunywe soda tu, yaishe. Lakini alijinyoosha, akatoa futi shingoni, akaikunja. "Watu wakija na msemaji, mimi siwezi kujijibia," akasema, na akatuma aitwe shemeji yake, Papa Kassimu, mfanyabiashara wa samaki, mtu ambaye hakujua neno hata moja la Kiingereza.

Chumba kile bado nakiona. Cherehani ilisukumwa kwenye kona na kufunikwa kitambaa, viti vilikuwa na vitambaa vyeupe vya kufuma, saa ya ukutani ilikuwa imesimama, na kwenye kamba zilining'inia sare za shule ambazo hazijaisha, kama darasa la watoto wasio na vichwa. Jikoni mafuta yalilia. Mama Mariamu alikuwa anakaanga sambusa, kwa sababu hata wageni wa insha ni wageni. Papa Kassimu alifika akinuka ndagala, akaketi kando ya shemeji yake, akaweka mikono magotini.

"Amahoro kwenu," Léonidas akaanza.

"Amahoro."

Kisha alisema juu ya mvua, juu ya ziwa, juu ya wazee wote wa nyumba ile waliotoka Kongo na kufika pale na cherehani kichwani, mpaka mimi mwenyewe nikasahau tulichofuata. Mwishowe akakohoa. "Kuna binti hapa, jirani wa benchi. Ameitazama kazi ya mzee huyu. Ni kazi yenye adabu. Ni kazi yenye afya. Lakini ameona kitu kimepungua."

"Kimepungua nini?" Papa Kassimu akawaka. "Kazi imetoka kwenye nyumba nzuri! Wapi mumeona insha inasalimia watu namna hii?"

"Umeisoma, mzee?"

"Kiingereza sijui. Lakini najua mwenye kuizaa."

Hata Papa Ramazani alicheka hapo, mkono mdomoni. Léonidas akasubiri, fundi wa kazi yake. "Hakuna mtu anayeitukana. Tunasema hivi: mgeni amefika hapa, amepewa kiti, amepewa maji, ameulizwa habari za watoto na za kuku. Sasa jua linazama, na mwenye nyumba hajatoka chumbani."

"Labda anavaa."

"Anavaa tangu ukurasa wa kwanza!"

"Basi mgeni asubiri! Haraka ya nini?"

"Profa anasema huyo mgeni iko na haraka."

"Ni mgeni gani huyo? Hana kwao?"

Wangeweza kuendelea hivyo mpaka alfajiri, wote wawili walikuwa wanafurahia, na mimi niliona kwamba soda ingekwisha na jambo lisingesemwa. Nikafanya kitu ambacho hakifanywi. Nikasema juu ya sauti ya msemaji wangu. "Papa," nikasema, macho chini, "jambo lenyewe haliko kwenye karatasi."

Papa Kassimu akanigeukia kwa mshangao, kama vile kreti ndiyo imesema. "Shemeji, usijibu, ni mimi ndiye—"

"Acha, Kassimu." Papa Ramazani akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. Aliifuta muda mrefu. "Mutoto anasema kweli. Nimezunguka. Jambo lenyewe ni kwamba macho yangu yanakufa."

Mama Mariamu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia. Haikuanguka. Aliipeleka mpaka kwenye cherehani, akaiweka juu ya kitambaa, polepole, na hakuna sambusa hata moja iliyosogea. "Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mvua za kwanza."

"Na mimi nimekuwa nakukasirikia," akasema, "kwamba unatoka na shati umeligeuza ndani nje, fundi mzima, kwamba unaniaibisha kwa watu."

Léonidas, aliyekuwa na hotuba ya kufunga kwa kila hali chini ya jua, siku ile alifunga kwa soda. Alifungua chupa, akampelekea Mama Mariamu kwanza, kisha wengine, na tukanywa soda ya moto tukiangalia sakafu, na Papa Kassimu alikuwa analia bila kujificha.

Insha ile Papa Ramazani aliiandika upya peke yake, pua karibu na karatasi, na mimi sikumgusia neno, maana sheria ilikuwa maneno yawe yako. Alianza hivi, kwa Kiingereza chake kilichoshonwa kwa mkono: mwaka huu ninapofuka, na ni mwaka huu nimeanza chuo. Salamu hakuziacha zote. Alizipeleka mwisho, akamwombea afya msomaji mwenye haraka. Profa aliisoma amesimama mbele yetu, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue hakusinzia. Habari za Jumapili zilikwisha kumfikia. "Niliwaambia mwandike maoni pembeni," akasema. "Nani aliwaambia mwende na kreti?"

"Pembeni hapakutosha, Profa," Léonidas akajibu.

Matokeo yalibandikwa ukutani mwishoni mwa mwaka. Papa Ramazani alikuja na mkewe. Watu walimpisha. Alipachika uso kwenye karatasi ile mpaka nikadhani anainusa, kidole chake kikashuka jina kwa jina, taratibu, kama anafuata mshono, kikasimama. Alikuwa amepita kwa alama za kuponea, nyembamba kama uzi. "Umeona?" Mama Mariamu akamwuliza. "Nimeona," akasema, na hakutoa kidole mpaka aliyekuwa nyuma yake akakohoa. Mwaka wa pili alianza nasi. Nilimsomea kila kitu, ubao, vitabu, kopi zake mwenyewe, mpaka siku moja giza likamfunga na nafasi yake kwenye benchi ikabaki tupu, na magoti yangu yakapata mahali pa kupumzika ambapo sikupataka. Mimi niliendelea, nikamaliza. Sasa ni mimi ninayeandika matarajio ubaoni bila kusalimu, na wanafunzi wananitazama kama tulivyomtazama Ezekieli, na jioni nyingine nasinzia wima kama yeye.

"Dada Sifa," Mariamu akaniita, "wamemaliza kula."

Nikasimama. Ua mzima ukageuka. Nilikuwa na salamu zote tayari, nimezisikia kwa kila mzee aliyenitangulia, na zingenitoka zenyewe bila kunichosha. Nikamtafuta Mama Mariamu kwenye mkeka.

"Papa Ramazani hakupata diploma," nikasema.

Vijiko vikasimama. Upande wa wanaume mzee mmoja akaguna, na Papa Kassimu, ambaye sasa hawezi kutembea bila fimbo, akanyanyua kichwa kama mtu aliyeitwa tena kwenye kazi yake ya zamani. Lakini mjane alikuwa amenyanyua cha kwake pia, mara ya kwanza siku ile.

"Sema, mwanangu," akasema. "Usizunguke."

"Alipita mwaka mmoja," nikasema, "na matokeo yake aliyasoma mwenyewe, kwa macho yake."